Ujumbe Bila Mjumbe: Neno, Uso na Mpaka wa Tunduma

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Aghalabu methali hii husomwa kama amri ya huruma: usimlipizie aliyetumwa kosa la aliyemtuma. Lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo zamani halikuhitaji kusemwa, nalo ni kwamba kila neno lililotoka kwa mtu kwenda kwa mtu wa mbali lilipita kinywani au mikononi mwa mtu wa tatu. Mtu huyo alikuwa na uso. Aliweza kuuawa, ndiyo maana ikabidi watu wakatazwe kumuua. Lugha yetu imehifadhi ushahidi wa hali hiyo. Neno "ujumbe", ambalo leo ni maandishi machache yanayong'aa kwenye kioo cha simu, limezaliwa na "mjumbe" kama "uganga" ulivyozaliwa na "mganga". Ujumbe ulikuwa kazi ya mtu kabla haujawa kitu.

Makala haya yanafuatilia jinsi mjumbe alivyoondoka njiani, na yaliyoupata mwenendo wa watu baina yao baada ya yeye kuondoka. Nimechagua kuitazama historia hiyo kutoka mahali pamoja, Tunduma, na nchi inayoizunguka ambayo tangu mwaka 2016 inaitwa Mkoa wa Songwe. Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza kwa nini twende mbali hivyo, ilhali Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1879, kabla bara halijaota nguzo moja ya simu. Jibu ni kwamba Tunduma ni njia panda ya nchi kavu. Karibu kila chombo cha kupelekea neno kilichobuniwa katika miaka mia moja na arobaini iliyopita kimepita hapo au jirani na hapo. Tena ni mpaka, na mpakani mtu hulazimika kila siku kuamua kama amwamini mtu asiyemjua.

Uwanda ulioko baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikuwa njia ya misafara kabla haujawa mpaka. Mwaka 1881 James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha ili ichongwe barabara kutoka Karonga hadi Ziwa Tanganyika. Barabara ikapewa jina lake na haikukamilika. Mwaka 1898 tume ya Waingereza na Wajerumani ilipima mstari wa kugawa nchi, na Wanyamwanga wakajikuta wengine huku, wengine kule. Wanyiha wa Mbozi, Wandali na Walambya wa Ileje, kila mmoja alipewa dola ya kumtoza kodi. Kisha ukaja waya. Cecil Rhodes aliunda kampuni mwaka 1892 kwa nia ya kuvuta waya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kuzungumza na Kaisari Wilhelm wa Pili, akapata ruhusa ya kuupitisha katika ardhi ya Wajerumani. Waya ukapita Karonga, ukapita kituo cha Fife kisicho mbali na Nakonde ya leo, ukaenda Abercorn, yaani Mbala, na hatimaye Ujiji. Cairo haukufika kamwe.

Inafaa tukumbuke kwamba neno "simu" katika Kiswahili ni kongwe kuliko chombo tunachokiita hivyo sasa. Tulilipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni fedha na pia uzi wa madini. Wazee wetu walipolichukua walikusudia waya, na habari iliyokuja kwa waya. "Kupiga simu" kulikuwa kugonga. Na aliyegonga hakuwa mwenye habari bali karani. Mtu alikwenda kwenye dirisha la posta, akatoa maneno yake, karani akayahesabu moja moja maana kila neno lilikuwa na bei, akayasoma yote, akayagonga. Karani wa upande wa pili akayapokea, akayaandika, akampa mtu ayapeleke. Kwa hiyo hata chombo hiki kilichoshangaza ulimwengu kwa kasi yake kilikuwa bado kimejaa watu. Hukuweza kumtukana mwenzako kwa simu bila karani kuinua macho akakutazama. Watu walilichukulia hilo kuwa udhia, na pengine lilikuwa udhia kweli.

Tukio moja la mwaka 1918 linaonyesha vizuri zaidi kuliko jingine lolote nilijualo jinsi neno la waya lilivyohitaji uso ili liaminiwe. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, baada ya miaka minne ya vita vilivyomaliza chakula, ng'ombe na maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, aliingia Rhodesia ya Kaskazini akitokea pande hizi. Mwanzoni mwa Novemba alikishambulia kituo cha Fife, akashindwa kukitwaa, akaelekea kusini magharibi, akaingia Kasama tarehe 9. Tarehe 11 vita vikasitishwa Ulaya. Habari hiyo ilikuwa tayari inakimbia ndani ya waya, lakini jeshi la Lettow halikuwa na waya. Tarehe 12 risasi zilikuwa bado zinalia huku nyuma. Tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, askari wake walimkamata mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyechukua barua, na ndani ya barua mlikuwa na habari kwamba vita vimekwisha.

Fikiri wewe ungekuwa Lettow. Habari imetoka kwa adui. Imekuja kwa karatasi. Inamwambia aweke silaha chini, jambo ambalo adui angependa kumwambia hata kama ni uongo. Alikuwa na kila sababu ya kushuku hila. Siku iliyofuata alikutana na Hector Croad, hakimu wa Kiingereza aliyekuwa na dhamana ya jimbo lile, pale mtoni. Croad alifika mwenyewe. Tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, Wajerumani 155 na askari zaidi ya elfu moja waliweka silaha chini. Sina haja ya kumpamba mtu yeyote katika kisa hiki. Wapagazi waliokufa hawakupata nguzo ya kumbukumbu kama iliyojengwa mahali pale. Nataka tu tuone kwamba neno lililosafiri maelfu ya maili kwa waya lilikamilishwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya mwenzake. Tena Croad, kwa kwenda, alijiweka mahali ambapo angeweza kuuawa. Hiyo ndiyo maana ya asili ya ujumbe.

Baada ya vita, barua zilichukua nafasi kubwa. Vijana wa Mbozi na Ileje, kama wenzao wa Rungwe, walikwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine mbali zaidi hadi migodi ya Afrika Kusini. Waliokwenda shule za misheni, za Moravian huku Mbozi na za Waskoti kule Mwenzo, walijua kuandika. Wasiojua waliandikiwa. Hapa namwona tena mtu wa tatu, na pengine ndiye bora kuliko wote: mwandishi wa barua. Mume aliyetaka kumwambia mkewe kwamba hatarudi mwaka huu ilimbidi amtamkie kwanza mwenzake wa kambini. Mke aliyetaka kujibu kwa hasira ilimbidi aseme hasira yake mbele ya kijana wa shule, ambaye pengine ni mtoto wa shemeji. Barua ilisomwa kwa sauti, na waliokaa uani walisikia. Siri ilikuwa adimu, na ukatili wa maneno nao ukawa adimu kwa kadiri hiyo hiyo.

Si kwamba watu wa wakati ule walikuwa waoga wa kusema. Mwaka 1923, pale Mwenzo, mwendo mfupi kutoka ilipo Tunduma, Donald Siwale na wenzake walisimamisha chama cha ustawi wa wenyeji, miongoni mwa vyama vya mwanzo vya namna hiyo katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walijadili mambo mazito, kodi ikiwamo, mbele ya serikali ya kikoloni iliyoweza kuwafukuza kazi. Walifanya hivyo kwa majina yao. Mwaka huo huo, upande wa Tanganyika, serikali ilianzisha gazeti la Mambo Leo, ambalo lilikuja kuwa uwanja wa washairi kujibizana. Wapenzi wa kurasa hizi wanajua kwamba kujibizana kwetu hakukuwa na adabu siku zote. Kuna beti zilizouma kuliko nyuki. Washairi wengi walijificha nyuma ya lakabu, lakini lakabu hizo zilijulikana kwa mhariri, na baada ya muda zilijulikana kwa kila mtu, kwa sababu mshairi anayeumia kwa kutojulikana hajapata kuzaliwa. Vivyo hivyo na kanga zetu. Kanga ya mafumbo humsema jirani bila kumtaja, ila aliyeivaa anapita barabarani mchana kweupe, na uso wake uko juu ya maneno yake. Waswahili tuliujua umbali, tuliujua ufichaji, tukauwekea kanuni.

Kwa simu ya upepo nitapita haraka, ingawa inastahili makala yake. Misheni, vituo vya polisi na ofisi za serikali za nyanda zile zilizungumza kwa miaka mingi kwa mitambo ambayo kila mwenye mtambo kama huo aliweza kusikia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA iliyoanza kujengwa mwaka 1970 iliufikia mpaka wa Tunduma mwaka 1973, ikakabidhiwa mwaka 1976. Mji ukakua kando ya reli na barabara kuu. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfanyabiashara wa Tunduma aliyetaka kujua bei ya mpunga au kumuuliza mteja aliyeko ng'ambo alikwenda kwenye kibanda cha simu. Alisimama, nyuma yake foleni, mwenye kibanda akitazama saa. Hata uongo wa biashara, ambao ni mdogo na wa kawaida, ulisemwa mbele ya mashahidi.

Kisha simu ikaingia mfukoni, na mtu wa tatu akaondoka.

Naomba hapa tusikimbilie kulaani. Simu ya mkononi ilikuwa rehema kwa mji wa mpakani. Pale Tunduma watu wengi hubeba laini mbili, ya Tanzania na ya Zambia, maana minara ya nchi mbili haikai mbali na haiombi pasi ya kusafiria. Mwezi Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, na kampuni nyingine zikafuata. Mama aliyetuma fedha kwa dereva wa basi akiomba Mungu zifike, sasa alizituma mwenyewe na kuambiwa hapo hapo kwamba zimefika. Dereva wa basi alikuwa mjumbe. Hakuna aliyemlilia.

Lakini haukupita muda, kukazuka ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Wakati mwingine huongezwa, "jina litakuja fulani." Utaratibu wake ni mwepesi. Mtu aliyekaa mahali asikoonekana hupeleka maneno hayo kwa mamia ya namba asizozijua. Wengi hucheka na kufuta. Lakini miongoni mwao yumo mmoja aliyekuwa tangu asubuhi anangoja kuambiwa atume kodi ya nyumba kwa namba gani, au ada ya mtoto, au fedha ya mzigo wa maharage. Huyo hutuma. Katika mji ambao fedha husafiri kwa simu kutwa kucha, kama Tunduma, mbegu hiyo huangukia udongo wenye rutuba. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kuhusu laini zilizofungwa kwa utapeli zimekuwa zikiutaja mara kwa mara Mkoa wa Rukwa, jirani wa Songwe, pamoja na Morogoro, kuwa ndiko majaribio mengi yanakotokea.

Hebu tuuangalie ujumbe huu kama tunavyouangalia ubeti. Una maneno sita. Hauna salamu. Hauna jina la anayeandikiwa wala la anayeandika. Hauombi, hautishi, hautoi ahadi. Unategemea kitu kimoja tu: kwamba tayari kuna mtu unayemwamini na umekwisha kumwahidi. Tapeli haleti uongo mpya. Anaingia ndani ya uaminifu wa watu wawili wengine na kukaa pale alipokuwa akikaa mjumbe. Na lile neno "jina litakuja fulani" ni werevu wa kutisha. Makampuni yaliweka jina la mpokeaji litokee kwenye kioo kabla fedha haijaondoka, ili jina liwe kinga. Tapeli akalitaja jina mapema. Jina likitokea kama alivyosema, mtumaji anatulia. Kinga ikageuzwa kuwa shahidi wa uongo.

Wako wengine wabaya zaidi: anayempigia mzazi kumwambia mwanawe ameumia shuleni na daktari anataka fedha sasa hivi, anayejifanya mganga, anayejifanya mtumishi wa kampuni ya simu. Kinachonishughulisha si ujanja wao, maana wezi walikuwapo Tunduma tangu enzi za misafara. Kinachonishughulisha ni kwamba aghalabu mtu wa namna hii si jambazi katika mtaa wake. Anawaamkia wazee. Anachangia msiba. Ukidondosha noti mbele yake pengine atakuita akurudishie. Moyo ni ule ule, ila mchana anaishi miongoni mwa nyuso na usiku miongoni mwa namba. Uso umeumbwa na haya, na namba haina uso.

Hili si jambo la Waafrika wala la umaskini peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwaamuru watu wa kawaida wampe mwenzao mishtuko ya umeme, ambayo kwa kweli ilikuwa maigizo. Mwathirika alipokuwa chumba kingine, asiyeonekana, watu 65 katika kila 100 walifika hadi kiwango cha mwisho. Alipoletwa chumba kile kile walishuka hadi 40. Ilipowabidi waushike mkono wake na kuubonyeza kwenye chuma, walibaki 30. Mwaka 2004 Mmarekani mwingine, John Suler, mwanasaikolojia, aliandika kwamba kwenye mtandao watu hulegeza hatamu za nafsi zao. Wengine hutoa ukatili, na wengine, jambo ambalo husahauliwa, hutoa wema na siri walizoshindwa kuzisema uso kwa uso. Kwa wahenga wetu habari hii isingekuwa mpya. Kipya ni hesabu.

Ila ni lazima nijibu pingamizi moja, maana bila kulijibu nitakuwa nauza zamani kwa bei isiyostahili. Je, watu walipokuwa wakionana hawakuuana kwa maneno? Waliuana. Hofu ya mumiani, ya watu wanyonyao damu, ilisambaa Afrika Mashariki na Rhodesia ya Kaskazini katika enzi ya ukoloni bila simu wala mtandao, kwa kinywa na sikio. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na watu waliodhani ni mumiani. Waliowaua waliwaona kwa macho. Uso wa mgeni haukuwaokoa. Tunduma nayo haijasalimika na neno litokalo mbali. Ugomvi wa nani achinje nyama, baina ya Waislamu na Wakristo, ulimwaga damu Buseresere, Geita, mwezi Februari 2013. Mwanzoni mwa Aprili ulikuwa umefika Tunduma, upande wa pili wa nchi. Maduka yakafungwa na polisi wakaingia mitaani. Bucha zilikuwa zile zile na wateja wale wale.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuonana humfanya mtu mwema. Nasema jambo dogo zaidi: mjumbe alilipa neno mwenyewe. Neno la mumiani linatisha kwa sababu halina mwenyewe, ukiuliza "nani kasema?" unajibiwa "watu wanasema." Uvumi ndio ujumbe wa kwanza usio na mjumbe, na umetangulia mtandao kwa karne nyingi. Mtandao haukuuleta, bali umeufanya kila ujumbe uweze kuwa uvumi.

Serikali ililiona tatizo na ikajaribu kulirudishia neno mwenyewe kwa nguvu ya sheria. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo. Kisha ikaja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Zamani mgeni alipohamia mtaani alijulishwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye alimtazama, akamuuliza katoka wapi na kwa nani. Alama ya kidole inajua mengi kuliko mjumbe yule, ila haimuulizi mtu kitu. Na matapeli hawakukoma. Wakasajili laini kwa vidole vya watu wengine.

Tena kuna upande ambao sheria hizi ziliumiza kuliko zilivyoponya. Kutojulikana si kwa wezi tu. Mtumishi mdogo anayeona fedha ya umma ikiibwa hana kinga ila kutojulikana. Mwaka 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa kukataa kuwapa polisi habari za watu walioandika huko. Siwale na wenzake, mwaka 1923, walitia majina yao. Lakini walikuwa kundi, wakajuana, na mkoloni aliwahitaji makarani. Mtu mmoja pekee mbele ya kioo hana kundi hilo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kukata njia ili neno lisipite si sawa na kulipa neno mwenyewe. Ni kumuua mjumbe, na kumuua pamoja na kila alichobeba: habari za wagonjwa, fedha za chakula, salamu za wazazi.

Nikirudi mpakani, naona jambo ambalo sheria haikulibuni. Katika biashara yetu kuna mali kauli: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Wengine wangetazamia kwamba simu ingeiua desturi hii. Mpunga wa bonde la Momba, mahindi na maharage hupita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na mapatano mengi hufanywa kwa simu na watu walioko Lusaka au Lubumbashi. Tangu Oktoba 2019, marais wa nchi mbili walipofungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, karatasi za forodha zilirahisishwa, ila hakuna kituo kinachokagua uaminifu. Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, mwenye mali upande huu na mteja wake upande ule walibaki na simu tu mkononi.

Mali kauli haikufa kwa sababu wafanyabiashara hawakumwacha mtu wa tatu aende zake. Wamemweka dalali. Dalali anamjua muuzaji na anamjua mnunuzi, na kila mmoja akimdhulumu mwenzake anajua itambidi amtazame dalali. Wamemweka pia wakala wa fedha, yule anayekaa chini ya mwavuli na daftari lake, ambaye wengi humdhania ni mashine yenye miguu. Wakala mzuri husoma uso wa mteja kabla ya namba. Akimwona mzee ametoka jasho, amekamata simu kwa mikono miwili na anataka kutuma akiba yake yote kwa haraka, humuuliza, "Mzee wangu, unamtumia nani? Umeongea naye?" Kanuni za kazi hazimlipi kwa swali hilo. Kamisheni yake hutokana na fedha inayopita, si na fedha inayozuiwa.

Mgeni anayetaka mzigo kwa mali kauli hapati kwa kupiga simu tu. Huulizwa kaletwa na nani, na jina analolitaja hupigiwa. Mwenye jina akisema "huyo ni wangu", mzigo hupakiwa, na mwenye jina anajua amejiweka dhamana. Baada ya hapo huanza kupelekeana sauti zilizorekodiwa, kwa Kiswahili cha mpakani chenye Kibemba na Kinyamwanga ndani yake. Ukizisikiliza utaona kwamba hazifanani kabisa na ule ujumbe wa maneno sita. Mtu huuliza hali ya mama, hali ya watoto, mvua imenyesha au bado, yule mgonjwa kaendeleaje, na hungoja ajibiwe. Bei huja mwishoni.